Mwanamieleka Asiyetaka Kulala Chali

Huyu mwanangu mwanamieleka atanitoa roho. Ameshindana katika mataifa ya watu hadi masikio yamekunjamana kama matambara, wala sijapata kumwona akiangushwa. Hata nyumbani hulala kifudifudi, kwa sababu kwao wanamieleka mabega yote mawili yakigusa chini, umeshindwa. Leo shingo imekakamaa, vidole vimekufa ganzi, na daktari hapa hospitali anataka alale chali apigwe picha ya shingo. Akalala, bega moja kaliinua.

"Shusha na hilo, bwana mkubwa, tupige picha, mikono isije ikapooza," daktari akamwambia.

Bega likabaki juu.

"Kwani wewe refa umemwona wapi humu?" nikafoka.

Akanong'ona, "Mama, geuka kidogo."

Nikageukia ukuta, nikiguna. Nyuma yangu kitanda kikalia polepole.