Vishikwambi vya Suma Vimepita, Ripoti Ninayo Mimi

Admin, nifichie jina na usitaje shule yetu, maana walimu wenzangu wengi wako humu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mama wa watoto wawili, nafundisha Kiswahili sekondari moja ya binafsi hapa Iringa. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Miaka mitatu iliyopita nilianza masomo ya uzamili huku nafanya kazi. Utafiti wangu ulihusu hadithi za Kihehe wanazosimuliwa watoto, na msimulizi wangu mkubwa alikuwa mama yangu mzazi, kule Kilolo. Kusoma makala ndefu kwenye simu kuliniumiza macho. Nikaamua kutafuta kishikwambi cha bei ninayoimudu: kioo kipana nisome ukurasa mzima bila kuukuza, kalamu yake niandike pembeni ya makala, na nafasi ya kutosha kutunza kazi zangu. Kamera nzuri na michezo sikuvihitaji.

Nikampigia rafiki yangu, nimwite Suma, ingawa siyo jina lake. Tulisoma wote chuo cha ualimu, tukalala chumba kimoja, na siku ya harusi yake mimi ndiye niliyemsimamia. Aliacha ualimu akafungua duka la simu na kompyuta Mwanjelwa, Mbeya. Nilimweleza kila kitu, hadi habari za mama na hadithi zake. Akaniambia, "Mwenzangu, usihangaike kuzunguka madukani, utapigwa. Nakuchagulia mimi mwenyewe."

Kikaja na basi, kimefungwa vizuri, kwenye boksi pameandikwa nafasi kubwa kuliko hata niliyoomba. Nilimshukuru mpaka kwa Kinyakyusa chake, "Ndaga fijo!" Akacheka.

Mama akaanza kuugua. Likizo yote nilikaa kando ya kitanda chake, yeye anasimulia, mimi naandika kwa ile kalamu. Hadithi nyingine hata bibi zangu wadogo hawazijui, alizipata kwa mama yake. Akichoka ananiambia, "Basi mwanangu, tuishie hapo, nyingine kesho." Alifariki kabla sijarudi kazini.

Baada ya mazishi nikakaa nianze kuzisoma. Majina ya hadithi yalikuwepo yote. Nikifungua, ukurasa mweupe. Nikafungua nyingine, mweupe. Makala nilizoziandikia maoni pembeni nazo hazifunguki. Nikakimbilia kwa fundi hapa mjini. Akaniambia kile kifaa ni feki: kinaonyesha nafasi kubwa lakini ya kweli ni kiduchu, na ikishajaa, unachoandika kinapotea huku unaambiwa kimehifadhiwa. Hakuna cha kuokoa.

Nikampigia Suma nalia. Nilidhani na yeye kadanganywa na waliomuuzia. Hakushtuka hata kidogo. "Shoga, ulitaka cha bei rahisi, ulitegemea nini? Vile ni vya watoto kuchezea, kila mtu anajua."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Ningekwambia ungenunua?"

Nikamwambia hadithi za mama zimepotea na mama mwenyewe nimemzika. Akasema, "Si utamuuliza shangazi yako," akakata simu kwa sababu ana wateja. Hata pole ya msiba hakunipa. Utafiti ulinishinda, nikaahirisha masomo, na mpaka leo sijarudi.

Sasa mwaka huu mkuu wa shule ameamua kila mwalimu apate kishikwambi cha kusomea, kusahihishia kazi za wanafunzi na kuandikia maandalio ya masomo. Akanikabidhi kazi ya kuchagua. "Mwalimu, wewe uliumizwa, hutatuletea takataka," alisema. Hajui aliyeniumiza ni nani. Habari zikamfikia Suma, akanipigia kwa sauti ya asali kama hakuna kilichotokea. Nikamwambia, "Lete mzigo, zabuni ni yako, ila tutakagua kabla ya kulipa."

Ndugu zangu, nilifurahi! Nilijua ataleta feki. Nilipanga nimuumbue mbele ya mkuu na bodi nzima, aondoke na polisi. Nilisubiri siku hiyo kama mtoto anavyosubiri Krismasi. Akaja mwenyewe kutoka Mbeya, amependeza, akaniambia ameweka nyumba yao ya Mbalizi rehani benki ili apate mzigo huu. Tulipobaki wawili ofisini akasema, "Yale ya zamani yalishaisha, eti mwenzangu?"

"Yalishaisha," nikamjibu, nikatabasamu.

Nikaanza kukagua kimoja kimoja. Nimevijaza mafaili mpaka mwisho, nimezima, nimewasha, nimefungua kila faili. Nimeandika kwa kalamu ukurasa baada ya ukurasa. Nilitamani kigome hata kimoja tu. Vyote ni vizima. Ni halisi, vizuri, kwa bei ambayo madukani huwezi kuipata. Nililia, na siyo kwa furaha. Yaani kwa shule aliweza kuleta kitu cha kweli. Mimi niliyemwambia habari za mama ndiye aliyeniona wa kupewa takataka.

Ripoti naiandika mimi peke yangu. Hapa shuleni hakuna mwingine anayejua kukagua, na mkuu ameshasema nitakachoandika ndicho atakachosaini. Nikiandika "havifai", mzigo unarudi Mbeya na nyumba inakwenda. Nikiandika ukweli, Suma anapata faida yake, na wateja wengine wanamfuata, bila kunitamkia neno samahani. Mume wangu anasema, "Mwachie Mungu." Mdogo wangu, ambaye na yeye alimzika mama yule yule, anasema, "Dada, muue kibiashara."

Ripoti inatakiwa Ijumaa. Nimeshaandika mbili, ya kweli na ya uongo, na kila nikizisoma mkono unaenda kwenye ile ya uongo. Msinihubirie, niambieni kama mngekuwa mimi: nimpelekee mkuu ipi?