Giaboksi ya Marehemu Torfi

Saa nne asubuhi, na jua la Januari bado halijajisumbua kutoka. Ndani ya karakana ya kikosi cha uokoaji cha Kríuvík, kijiji cha wavuvi kaskazini kabisa mwa dunia, Kolbeinn Hákonarson ameinamia meza ya chuma akiwa na sweta la sufu lililotoboka viwiko. Mkononi ameshika shafti iliyoganda mpaka inatoa ukungu.

Shafti hiyo imelala siku mbili kwenye friza ya kiwanda cha samaki, katikati ya maboksi ya chewa. Beringi yake imetoka sasa hivi kwenye oveni ya kikosi, ileile wanayopashia mikate. Baridi imeibana shafti, moto umeipanua beringi, na Kolbeinn ana kama sekunde kumi za kuvikutanisha kabla havijabadili nia.

Beringi inateleza na kutua mahali pake. Fundi mwingine angetabasamu. Yeye anaifuta kwa kitambaa, anaigeuza mara mbili na kuitegea sikio.

"Hata ikikaa vizuri sifurahi," anasema. "Mara ya mwisho nilifurahi pia."

Kolbeinn ana miaka hamsini na tisa. Kazi yake ya mshahara ni kutengeneza pampu na mikanda ya kiwandani. Saa zinazobaki, kwa miaka thelathini na mmoja sasa, amekuwa fundi wa gari la kikosi, kazi isiyo na malipo kama ilivyo kwa wenzake wote kumi na wanne. Mafuta hununuliwa kwa pesa za fataki wanazouza kila mwisho wa mwaka. Gari lenyewe ni foo-wili kuukuu yenye matairi yanayomfika mtu mzima kiunoni, yaliyopunguzwa upepo ili yaelee juu ya theluji.

Hii ni baridi ya pili gari hilo limekaa juu ya magogo bila giaboksi. Kila mtu Kríuvík anajua kwa nini, na Kolbeinn hapendi kisa hicho kisimuliwe na wengine.

"Nilisahau mpira," anamwambia mwandishi. "Andika hivyohivyo. Usinipambe."

Mpira anaousema ni wa kupitishia hewa, mwembamba, hauzidi unene wa kidole. Giaboksi ikiwa imepata moto halafu ikazama ghafla kwenye mto wa barafu, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta chochote kilicho jirani. Ndiyo maana magari ya huku hufungwa mpira unaopanda mpaka chini ya boneti, ili giaboksi ivute hewa na si maji. Hakuna dereva wa huku asiyelijua hilo.

Novemba ya mwaka juzi alikuwa amebadilisha sili, ile inayozuia oili ya giaboksi isivuje, na mpira akauweka pembeni ili apate nafasi ya spana. Simu ikalia. Torfi Arngrímsson, mfugaji wa shamba la Hóll, alikuwa amepanda nyanda za juu kutafuta kondoo watatu waliobaki baada ya msako wa vuli wa kuteremsha mifugo, na dhoruba ilikuwa imemkuta huko. Kolbeinn alifunga kila nati, akapanda, akaendesha mwenyewe. Mpira ulibaki juu ya meza.

Yeye na wenzake wakavuka mto Grjótá. Kilomita chache mbele, gia ya tatu ikaanza kuvuma, kisha ikalia, na kilomita ya kumi na moja giaboksi ikakwama kabisa. Walipokuja kuifungua, oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa, imejaa vumbi laini la mwamba, lile linalotokana na barafu kuusaga mlima miaka nenda miaka rudi. Siku ile wenzake walijaribu kwenda kwa miguu, lakini mtu hakuiona hata glovu yake mwenyewe. Wakarudi.

Torfi alipatikana kesho yake nyuma ya ukuta wa mawe wa zizi la zamani, amekaa, kofia ameivuta mpaka machoni. Ilikuwa kilomita mbili kutoka pale gari lilipofia.

"Dakika kumi," anasema Kolbeinn. "Dakika kumi tu, tungekuwa naye."

Tangu siku hiyo hajakanyaga kwenye bwawa la maji ya moto, mahali ambapo Kríuvík nzima hukaa na kusengenyana mpaka ngozi zinakunjamana. Anaoga nyumbani. Hakuna aliyemtukana wala kumnyooshea kidole. Anasema ingekuwa nafuu kama wangefanya hivyo.

Mlango unafunguliwa na upepo unaingia pamoja na Dagbjört, msimamizi wa bwawa hilo na kiongozi wa kikosi. Amebeba chupa ya kahawa na mfuko wa maandazi ya kusokota.

"Wewe bwana bado unaibembeleza tu?" anauliza. "Ungembembeleza mwanamke hivyo, leo ungekuwa na wajukuu."

"Mwanamke hana sili."

"Ndiyo maana uko peke yako. Kula." Anamsukumia andazi, halafu anashusha sauti na kumwita kwa kifupi. "Kolli, wenzetu wameniuliza tena. Nimewaambia Jumamosi."

Jumamosi ndiyo mwisho. Mkutano wa kikosi umeamua kwamba gari lisipovuka Grjótá na kurudi kabla Januari haijaisha, litauzwa chuma chakavu, na Kríuvík itakuwa chini ya kikosi cha ng'ambo ya mlima. Huko ni mwendo wa saa moja na nusu barabara ikiwa wazi. Ikifungwa, hakuna atakayekuja.

Tatizo ni kwamba giaboksi ya aina hii haitengenezwi tena. Wilaya nzima ilibaki moja, na ilikuwa kwenye gari la Torfi. Yeye na Kolbeinn walichagua magari pacha mwaka mmoja, ili wawe wanaazimana vipuri. La Torfi lilikuwa limekaa miaka saba nyuma ya banda la nyasi kavu, limezama kwenye theluji mpaka vioo.

Kolbeinn alijua liko pale. Alipita mbele yake kila siku kwa mwaka mzima na hakuuliza.

"Ningeanzaje?" anasema. "Ningemwambia nini yule mama? Mume nimekupotezea, sasa nipe na giaboksi yake?"

Aliyeanza ni Valgerður mwenyewe, mjane wa Torfi. Oktoba iliyopita alikuja akiendesha trekta, akilikokota gari la mumewe kwa mnyororo katikati ya kijiji, watu wakichungulia madirishani. Alifika mbele ya karakana, akafungua mnyororo, akasema, "Toa unachotaka. Mabaki utayaondoa wewe." Akageuza trekta, akaenda zake.

Kolbeinn alipoifungua giaboksi hiyo alikuta kitu kilichomkalisha chini. Mahali pa kile kibati chembamba kinachoziba nafasi ya beringi, Torfi alikuwa ameweka kipande alichokata kwa mkasi kutoka kwenye kopo la kahawa. Rangi nyekundu ya kopo ilikuwa bado inaonekana.

"Miaka yote alinicheka kwa vipimo vyangu. Eti napima kama mfamasia. Nikasema leo nimekukamata." Anakunja kitambaa chake, anakikunjua. "Nikapima. Kilikuwa sawasawa. Nikakirudisha."

Lakini gia ya tatu ilikuwa imeliwa na kutu mpaka meno yakamomonyoka. Kolbeinn alipiga simu kwa wauza magari mabovu ishirini na wawili, mpaka kusini kabisa, akaambulia pole. Ilibaki gia ya tatu moja tu, nayo ni ile iliyolia siku ile. Vumbi la mwamba lilikuwa limeikwangua, ila halikuivunja. Akaichukua, akaisugua kwa jiwe la kunolea wiki nzima, akaifunga katikati ya gia za marehemu.

Jumamosi, saa sita mchana, gari linatoka karakanani kwa miguu yake. Watu wachache wamesimama nje, mikono mifukoni. Kabla Dagbjört hajafunga mlango, Valgerður anatokea kando ya gari, anapanda kiti cha nyuma na kujifunga mkanda. Hajaalikwa, na hakuna mwenye ubavu wa kumwambia ashuke.

Gia ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Kolbeinn anaingiza ya tatu, na chini ya sakafu mvumo unaanza, mwembamba, usiokatika. Mabega yake yanaanguka.

Ukingoni mwa Grjótá anasimamisha gari, anashuka, anafungua boneti na kuushika mpira. Anarudi kwenye usukani. Anashuka tena. Mara ya tatu Dagbjört anamzuia kwa mkono.

"Kolli. Upo. Nimeuona kwa macho yangu."

Wanaingia. Maji yanapanda mpaka juu ya matairi, gari linayumba, linashika mawe, linatoka ng'ambo. Wanavuka tena kurudi. Kolbeinn analala chini ya gari, analegeza nati na kuchukua oili kidogo kwenye kiganja. Ni safi. Dagbjört anapiga simu kijijini kusema gari halitauzwa. Kolbeinn anaendelea kukitazama kiganja chake kama cha mtu mwingine.

Njiani kurudi ndipo Valgerður anapofungua kinywa.

"Hiyo sauti ni nini?"

"Gia ya tatu," anasema Kolbeinn. "Ya Torfi ilikuwa imeoza. Hii ni ya kwetu. Ya siku ile."

"Ilikuwa inalia hivi?"

"Ilianza hivihivi."

"Itaacha?"

"Haitaacha. Meno yameshapungua. Inaweza kwenda miaka, ila haitanyamaza."

Barabara ya kwenda nyanda za juu inapita uani mwa shamba la Hóll, hatua thelathini kutoka nyumba ya Valgerður. Kolbeinn anamwona mjane kwenye kioo, naye anatazama nje.

"Nitakuwa napita kwako na gia ya pili," anamwambia. "Polepole. Hutaisikia."

Wanafika getini kwa Valgerður. Anashuka, anaushika mlango kabla ya kuufunga.

"Siku ile nilikaa dirishani, dhoruba inavuma, sijui kama mmepita au hamkupita," anasema. "Pita na ya tatu, Kolbeinn. Nisikie kwamba mmekwenda."

Mlango unafungwa. Kolbeinn anangoja mpaka mjane aingie ndani ndipo anapoondoa gari.

Ukimuuliza matumaini yake, anasema hana, ana kazi tu. Aliandika barua kwa mtu mmoja kaskazini mwa Norwe anayesemekana kuwa na gari la aina hii ndani ya banda. Mpango wake ulikuwa kwenda huko na meli wakati wa kiangazi, arudi na gia nzuri, aitoe ile inayolia na kuitupa baharini kwa mkono wake.

Sasa barua imejibiwa, gia ipo, na yeye hajui afanye nini nayo.

"Nikiifunga, gari litanyamaza," anasema, akiutazama mpira chini ya boneti iliyo wazi. "Na yule mama atakaa dirishani akidhani hatukwenda."