Vishungi vya Rimma Arkadyevna

Rimma Arkadyevna, mkuu wa jumba la utamaduni la kiwanda chetu huku Ural, Urusi, aliwawinda vijana wa panki, wale wa muziki wa kelele na vishungi vya nywele, kama panya wa ghalani. Kila Ijumaa kikosi chake, vitambaa vyekundu mikononi, kilizunguka mitaani na mkasi. Mwenye kishungi alinyolewa papo hapo, kwa faida ya ujamaa. Mimi nilikuwa mpokea makoti mlangoni, na nilimwogopa kuliko mke wangu.

Ikafika ile miaka ya mwisho ya Chama cha Kikomunisti, ingawa hatukujua kuwa ni ya mwisho, na Moscow ikageuka. Vijana wasio na kadi ya Chama, kama hao wa panki, wasifukuzwe tena, walelewe. Rimma akaamriwa awe na kikundi chao, na tume ya mkoa ingekuja kukikagua. Akikosa kikundi, kazi hana.

Akameza kiburi, akamfuata kiongozi wao, Rodion, akamwahidi chumba cha chini chenye joto. Rodion alicheka mpaka akakohoa, lakini baridi ya kwetu haina mzaha, wakaja. Haikupita muda mama huyu akawa anawapelekea supu ya kabichi, na kuwakorogea mwenyewe maji ya sukari ya kusimamishia vishungi. Aliwapenda, hilo halikufichika.

Tume ilikuja Jumamosi. Asubuhi hiyo vijana waliingia wote vipara.

"Nani kawafanya hivi?"

"Kikosi chako, mama," Rodion akamjibu. "Jana si ilikuwa Ijumaa?"

Alikuwa amesahau kufuta amri yake mwenyewe, maana Ijumaa zilizotangulia vijana walikuwa chini wakinywa supu yake, hawakukutana na mkasi.

Mwenyekiti wa tume alipoviona vile vichwa vinavyong'aa, alifurahi kupita kiasi. Akampongeza Rimma: hawa wameshalelewa, kazi imekwisha, chumba wapewe wacheza sataranji. Nilikuwa nyuma yao, nimemshikia mgeni koti. Nikadhani Rimma atashukuru na kunyamaza, maana kazi yake ilishapona.

"Ndugu Mwenyekiti, usidanganyike," akasema. "Hawa bado wabovu kabisa. Nywele zitaota. Rodion, mwanangu, hebu mwonyeshe."

Rodion akapiga gitaa na kuimba. Sijui niiite nini ile kelele. Nililisikia koti likitetemeka mikononi mwangu. Mwenyekiti akaziba masikio, akapaza sauti kwamba hali ni mbaya sana, chumba wabaki nacho, na huyu mama asiondolewe hapa.

Rimma hakumsikia. Alikuwa ameegemea ukuta, machozi yanamtoka, midomo yake ikiufuatisha ule wimbo neno kwa neno.