Mbuzi wa Kutufunza Vita

Vita vilipopamba moto ng'ambo ya mpaka, katika ile miaka ya sabini, mimi, mpiga picha wa gazeti letu la Nairobi na waandishi wengine wachache tulitumwa kwanza Kericho, kwenye kilabu cha shamba moja la chai, tukaandaliwe kiakili. Mwandalizi alikuwa afisa mstaafu wa jeshi, mwenye kitambi na kifimbo cha kwapani. Debe tupu. Sijapata kumwona mtu anayejipenda vile.

Mpiga picha alikuwa mzaliwa wa Litein, mtu mpole. Njiani aliniambia wazi kwamba haogopi kufa. "Mimi naogopa kurudi kichwa imeharibika," alisema. "Labda huyu mzee atatuambia mtu hufanya nini."

Mzee alileta mbuzi. Alitupanga mstari kwenye nyasi, akatuamuru tusipepese macho, akaanza kumchinja ili tuzoee damu. Sisi, watoto wa Kericho na Bomet, tuliokuwa tukishika miguu ya mbuzi kila Krismasi na kila harusi! Alivyozidi kukereza shingo kwa kisu butu, mpiga picha alishindwa kuvumilia, akakichukua kisu na kumaliza kazi. Afisa akapiga makofi. "Mmeona? Huyu ako tayari kabisa."

Tulipokuwa tukila, mpiga picha aliuliza swali lake. "Afande, na mtu akirudi, anafanya nini na yale ameona?"

Afisa alicheka hadi mafuta yakamtiririka kidevuni. "Anakunywa bia, anaenda kazi."

Wenzetu wakacheka pia, wapumbavu wale. Niliwadharau wote pamoja na nyama yao, ingawa niliila.

Huko vitani damu tuliiona, tukaivuka. Kilichommaliza mwenzangu ni nyumba moja kando ya barabara: mlango wazi, birika bado la moto, chai imemiminwa vikombeni, na hakuna mtu. Kwetu chai ikishamiminwa haiachwi. Hata mwenye haraka hupiga mafunda mawili akiwa amesimama. Alibaki pale akiwaita wenyeji kwa Kiswahili, kwa Kipsigis, kwa kila lugha aliyoijua. Kamera hakuigusa.

Tuliporudi nilimsindikiza kwao Litein. Mama yake alimmiminia chai ya maziwa. Alikitazama kikombe, akatoka nje, akaenda kusimama katikati ya michai. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Kukataa chai ya mama ni tusi, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba Nairobi imempa kiburi. Afisa naye, nilisikia, alikuwa bado anawachinjia waandishi wengine mbuzi, na kulipwa vizuri.

Miezi kadhaa baadaye nilirudi kumjulia hali. Mama alinishika mkono mlangoni.

"Huyu mtoto wangu hajakunywa chai tangu arudi. Si mlipelekwa kufunzwa? Mlifunzwa nini huko?"

"Kuchinja mbuzi, mama."

Aliuachia mkono wangu.

"Hiyo si alikuwa anajua?"