Kobilo wa Kwenye Simu

Chepkurui anauza maziwa pale Lanet, kwenye kibanda cha buluu kinachotazama barabara ya Nairobi, na wateja wamezoea kumwita Mama Maziwa. Hawana ubaya. Wanawake wengine huitwa kwa majina ya watoto wao, yeye akaitwa kwa kile anachopima kwenye jagi. Hucheka nao, lakini jina hilo humuuma kila anapolisikia, na hata mumewe, Kimeli, hajui.

Mwaka huu walirudi kwenye kliniki moja mjini Nakuru kujaribu kupandikizwa mimba. Walishajaribu, ikaharibika. Safari hii daktari aliwaambia wazi kwamba mayai ya Chepkurui yamefika mwisho, na hayo waliyotoa ndiyo basi. Yalipounganishwa na mbegu za Kimeli, mengi yalikufa mapema, kikabaki kiinitete kimoja. Kikiishi hadi Jumatatu, kingewekwa tumboni mwake. Kisipoishi, habari ya mtoto ingekuwa imekwisha.

Kliniki hiyo ina kabati la joto lenye kamera ndani. Kamera inapiga picha kila baada ya muda mfupi, usiku na mchana, kisha picha zinaunganishwa kuwa video, mambo ya siku nzima ukayaona kabla hujameza mate. Jumamosi, Dalmas wa maabara aliwaonyesha. Doa la mviringo likagawanyika, vipande vikagawanyika tena, mpaka likawa kitu kilichojaa kama andazi linaloumuka. Chepkurui akaomba atumiwe kwenye simu.

"Nitakutumia, mathe," Dalmas akasema, "lakini usiishikilie sana. Hii kitu bado inaweza badilika."

"Wewe nitumie tu."

Hapo ndipo alipokosea, kama kupenda ni kosa.

Jumapili, Kimeli akiwa hayupo nyumbani, alikuja mama yake kutoka Kabazi, na mfuko wa mboga za managu. Wote humwita Kogo, yaani nyanya, ingawa hajapata mjukuu kwa Kimeli. Alipokwisha kuketi na kupewa chai, Chepkurui hakuweza kujizuia, akampa simu.

"Huyu ni mtu?" Kogo akauliza.

"Bado, Kogo. Lakini ako njiani."

Kwao mtoto akizaliwa, wanawake wazee humwitia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya. Jina alilopigia chafya ndilo lake, kwa maana marehemu huyo amekubali kurudi. Hufanywa mtoto akishazaliwa, si kabla, na Kogo alilijua hilo vizuri kabisa. Lakini alikuwa amezeeka, na alikuwa amechoka kungoja. Akaweka kikombe chini, akaisogeza simu karibu na uso, video ikiendelea, akaanza kuita.

"Tapsubei." Kimya. "Arap Chesang." Kimya. "Kabon." Kimya. "Kobilo."

Kiinitete kikanywea. Kikajikunja ghafla, halafu kikajaribu kujaa tena, na video ikaishia hapo.

"Amekubali," Kogo akasema, na machozi yakamtoka. Kobilo alikuwa mama mkwe wake, aliyempokea akiwa bibi arusi mwoga na hakuwahi kumsema vibaya hata siku moja.

Chepkurui si mjinga. Alijua video ni mambo yaliyokwisha kupita, na kwamba ukiirudia kitanywea pale pale hata ukiita jina la chifu. Lakini Kogo alipoondoka aliirudia. Akakariri mahali penyewe, akawa anaita Kobilo wakati huo huo, naye anaitikiwa. Asubuhi ya Jumatatu, kabla ya kufunga kibanda aende kliniki, mteja alimwita Mama Maziwa, na jina halikumuuma. Alijisemea moyoni kwamba yeye ni Mama Kobilo.

Kliniki, daktari aliwakaribisha viti kabla ya kusema lolote, na Chepkurui akajua. Kiinitete kilikuwa kimekufa. Hakulia. Aliomba tu aonyeshwe video yote, mpaka mwisho wake. Dalmas akaiweka. Kikajaa, kikanywea, kikajaribu kujaa, kikanywea tena, kikawa cheusi, kikatulia.

"Ilianza kuharibika wapi?"

Dalmas akairudisha nyuma, akagusa kioo kwa kidole. "Hapa. Saa zingine huwa inarudi sawa. Jumamosi nilidhani itarudi."

Ni pale pale. Kumbe hakuwa akiitika. Alikuwa anakufa, na wao wawili walikaa na chai yao wakifurahi. Chepkurui alijichukia kwa namna ambayo hajawahi kujichukia tena, na hakuna aliyeweza kumfariji, maana Kimeli hakujua kuhusu jina.

Jioni Kogo akapiga simu.

"Kobilo ashawekwa?"

"Hayuko, Kogo. Amekufa."

Huko Kabazi ng'ombe alisikika akilia. Kimeli alikuwa amekaa karibu na alisikia yote, akamtazama mkewe kwa mshangao, akitaka kujua ni Kobilo gani, maana nyanya yake alikufa zamani. Chepkurui alitaka kumwambia Kogo yale aliyosema daktari, kwamba hakikuwa mtoto bado, lakini akaona haifai tena. Walishampa jina.

"Pole, mtoto wangu," Kogo akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Mmemzika wapi?"

Chepkurui akageuka kwa Kimeli.

"Ile kitu," akamuuliza, "Dalmas aliipeleka wapi?"

Kimeli hakujua. Hawakuwa wameuliza.