Walimwita Akiwa Amekwisha Kufika Mbali

Mzee wangu wa makoti amefariki. Wiki iliyopita redio ilisema tumempoteza mwigizaji wa filamu kutoka Ulaya Mashariki, "aliyegunduliwa uzeeni". Nikaizima. Kugunduliwa! Mtu kaishi mtaa wa Stechford karibu umri wangu wote, kaigiza kila filamu iliyomkubali, leo mnasema mmemgundua, kana kwamba alikuwa mafuta chini ya ardhi.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mbali na safu hii nauza makoti ya mtumba huku ughaibuni, sokoni Hockley. Kwa vijinafasi vya filamu alivyotupiwa, mara mlevi, mara askari jela, mara maiti, mzee alipenda kujichagulia vazi mwenyewe. "Koti la nani leo?" namuuliza. "La maiti." "Basi chukua hili, limetoboka mgongoni, maiti halalamiki." "Maiti wangu ana heshima zake, mama." Nikitaja bei, analirudisha koti na kuondoka polepole, shingo imenyooka, akisubiri kuitwa, utadhani kazaliwa sokoni Gikomba. Nami nakausha. Jirani yangu wa viatu, Singasinga wa Kisumu, anapiga kelele: "Dada, muite basi, atafika Stechford kwa miguu!" Namwita. Siku zote namwita. Mteja akishapita kona, hapo hujafanya biashara, umeringa tu.

Alipovuka miaka sabini ndipo akapata filamu yake. Baba anafukuzwa na mwanawe, anaondoka mlangoni polepole, shingo imenyooka. Ukumbi ulilia. Mimi nilikasirika. Mwendo ule alikuwa akiwaonyesha wenye filamu miaka yote, na hakuna aliyefungua mdomo kumwita. Baada ya filamu hiyo kumpatia tuzo wakamwahidi nafasi ya mfalme mzee. Alikuwa ameshaanza kuumwa, na aliitaka kuliko alivyotaka kupona. Akachagua koti zito la sufu, akaniomba nimwekee. Wakaanza kusitasita: anaumwa, lafudhi yake nzito. Mwishowe wakamchukua mtu wa makamo, wakampaka mvi. Mvi za dukani, na za bure zipo!

"Niwarudie, niwabembeleze?" aliniuliza. "Tembea polepole," nikamwambia, "watakuita." Alitembea polepole mpaka kaburini.

Sasa ndipo wanaita, kwa vipaza sauti. Mtu huitwa angali anasikia. Baada ya hapo humwiti yeye, unajiita mwenyewe. Juzi walimtuma kijana wao wa suti kulitafuta lile koti, walitundike kwenye hafla ya kumkumbuka. Nikamtajia bei. Akacheka, akaliachia, akaondoka polepole.

"Dada, muite basi!" akasema Singasinga.

Sikumwita.