Mtani Aliyeziba Njia ya Mtumbwi

Mimi si mtu wa kuona mauzauza. Ninatengeneza pampu za maji pale Chanika, Handeni, na kazi hiyo imenizoesha kutafuta chanzo cha kila kitu. Maji hayapandi? Kuna sababu. Mashine inakoroma? Kuna sababu. Hili ninalokueleza nimelitafutia sababu mpaka nimechoka. Lilitokea, tulikuwa watu wazima wawili, na wote wawili tulisikia maneno yale yale. Usikatae kabla hujafika mwisho.

Nilizaliwa Ngombezi, kwenye kambi za wafanyakazi wa mkonge. Babu yetu alitoka Unyamwezini kuja kukata mkonge, akazaa, akazikwa hapo hapo. Majirani zetu wengi walikuwa Wazigua, na kama unavyojua, Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Mtani anaweza kumkamata kuku wako mchana kweupe, nawe ukabaki kucheka. Anaweza kukuzibia njia mpaka umpe kitu, hata kama ni kiberiti tu. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa.

Kivuko chetu cha Mto Pangani kilikuwa na adabu zake siku hizo. Palikuwa na mteremko mmoja wa udongo mgumu, mali ya watu wote, unaotosha mtumbwi mmoja tu. Mizigo ilipangwa juu, kwenye nyasi. Huwezi kuushusha mtumbwi majini halafu ndipo uanze kutafuta kasia. Kabla ya kusukuma unapiga ukelele, "Maji!", ili walio chini wajitenge. Aliye nyuma humsukuma aliyetangulia, naye atasukumwa na anayemfuata. Mwenye mgonjwa alipishwa na wote. Jioni, mtumbwi ulivutwa juu ukazibuliwa tundu lake la nyuma, ili maji ya mvua yatoke, na kizibo kikafungwa kwa kamba kwenye benchi la mbele.

Tulicheka sana pale. Nakumbuka mama mmoja aliteleza kwenye mteremko akaingia mtoni na beseni lake la vitumbua. Vitumbua vikaelea. Wanaume wakavifuata kwa mitumbwi, wakavila vikiwa vimelowa, na mama mwenyewe, maji yakimchuruzika, anapiga kelele, "Leteni chai basi, washenzi nyie!" Ni nani leo angecheka hivyo?

Baadaye lilijengwa daraja la miti, na mitumbwi mingi ikaozea kwenye matete. Masika moja ya miaka hii daraja likasombwa. Watu wakarudi kivukoni, lakini adabu haikurudi nao. Nilimkuta kijana amesimamisha mtumbwi katikati ya mteremko, anaongea na simu, foleni nyuma yake imefika kwenye mihogo. Nilipomwambia asogee alinijibu, "Mzee, relax. Kwani mto unahama?"

Masika hayo nilikuwa nimekwenda kumtembelea dada yangu, Zuhura, ambaye siku hizi anaishi shambani, ng'ambo ya mto. Alikuwa na mjukuu wake, Idi, mtoto mdogo wa mwanawe. Homa ilimshika Idi jioni, na kabla ya alfajiri akapatwa na degedege. Macho yaligeuka, meno yakaumana. Hospitali iko upande wa pili, na bila mtumbwi hapafikiki. Dada alimfunga mgongoni, nikabeba kasia na taa, tukashuka kivukoni.

Kulishaanza kupambazuka, lakini ukungu ulikuwa mzito, na mto umejaa, unavuma. Nilifungua mtumbwi wa shemeji, nikaanza kuuvuta kwenda kwenye mteremko. Hapo ndipo nilipoona njia imezibwa.

Mtumbwi mwingine ulikuwa umelazwa upande upande mdomoni mwa mteremko, mahali ambapo maji yanaanza. Ndani yake ameketi mzee mmoja amevaa koti la mvua la zamani, yale ya turubai, na miguu ameinyoosha kama aliye kibarazani kwake. Kasia sikuliona. Upondo wa kusukumia sikuuona.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Tunaomba utupishe. Tuna mgonjwa."

Hakuitika marahaba. Alicheka kwanza.

"Mnyamwezi wewe! Tangu lini mbeba mizigo akapita kwenye mto wa Wazigua bila kutoa kitu?"

Hebu fikiria. Mtoto anakoroma mgongoni mwa dada yangu, na mtu mzima ananiletea utani! Nilimwambia huu si wakati wa mzaha. Nikamwambia mtoto anakufa. Nikashika ncha ya mtumbwi wake niuzungushe kwa nguvu. Haukutikisika hata kidogo. Nimeinua injini za pampu peke yangu, najua uzito. Ule haukuwa uzito wa mtumbwi.

"Huyu hajui kuongea na watu," mzee akasema, akimtazama dada juu ya bega langu. "Sema wewe, binti Mnyamwezi. Baba yenu alilala kitandani kwangu kabla yangu. Mnadhani nimesahau?"

Dada alikuwa amesimama, mkono nyuma akimshikilia Idi. Kisha akajibu kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa watoto, sauti ya wasichana wakitaniana kisimani:

"Mzigua wa Handeni! Kwenu mnapanga ndoo usiku kucha kungoja maji ya kunawa uso, leo unajifanya mwenye mto? Shika hii, ukajifute midomo, maana umekufa na kiu!"

Akavua mtandio wake wa kichwani, akamrushia.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Aliudaka, akauzungusha shingoni. "Haya," akasema. "Sasa mmekuwa watu. Lakini mnakimbilia wapi na mtumbwi uliotoboka? Zibeni kwanza, halafu mje mnisukume. Au adabu nazo mmeziacha Unyamwezini?"

Nikamulika taa ndani ya mtumbwi wetu. Kizibo kilikuwa bado kinaning'inia kwenye kamba yake. Tundu liko wazi, linatosha kupitisha vidole viwili. Kwa mto ule uliofurika tungefika katikati, basi. Nilikipigilia kwa mpini wa kasia.

Kisha nikashuka, nikaweka viganja vyote viwili kwenye mtumbwi wa yule mzee. "Maji!" akapiga ukelele, kama zamani. Nikasukuma. Safari hii ulikuwa mwepesi kama beseni tupu. Uliingia mtoni na kwenda zake, lakini haukwenda unakokwenda mto. Ulipanda juu, kinyume cha mkondo, bila kasia, ukaingia kwenye ukungu.

Tukashusha wetu, tukapanda. Nilipiga kasia. Tulipokuwa katikati ndipo dada akaniuliza, "Umemtambua?"

"Nani?"

"Mtani Mhina. Yule wa kambi ya pili. Ulikuwa mdogo."

Mhina nilimkumbuka kwa mbali, mvushaji mwenye kelele kuliko wote pale kivukoni. Alikufa nikiwa sijaanza shule. Dada alinieleza kwamba siku ya maziko, kaburi lilipokwisha kuchimbwa, baba yetu aliruka ndani kama mtani wake, akajilaza chali, akakataa kutoka mpaka wafiwa wampe kitu. Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Walimpa jogoo, akatoka, Mhina akazikwa.

Hicho ndicho kitanda alichokuwa anakitaja.

Idi tulimfikisha. Daktari alimtundikia maji na kumchoma sindano, na kufikia adhuhuri aliomba uji. Yuko hai, mkorofi, anasoma darasa la kwanza.

Siku ile ile nilirudi kivukoni peke yangu, jua likiwa kali, nikaukagua ule mteremko kama ninavyokagua mashine. Mto ulivyofurika, hakuna mwingine aliyethubutu kushuka hapo siku hiyo; niliona nyayo zetu na mburuzo wa mtumbwi wetu mmoja. Wa pili haukuwapo. Mtandio hatukuupata, wala juu ya mto wala chini.

Daraja limejengwa upya, la zege, na watu wanapita wakiwa wakavu. Dada yangu hapiti huko. Kila anapotaka kuvuka hushuka kivukoni, husimama juu ya mteremko na kuwatukana Wazigua kwa sauti, matusi mapya kila mara, kisha huyatazama maji. Hakuna anayejibu. Basi hucheka peke yake na kupanda mtumbwini. Wapo wanaosema ameanza kuchanganyikiwa. Mimi nikiwa naye, hushika kasia na kumngoja amalize.

Na wewe, ukishuka mtoni ukakuta mtu ameziba njia, hata kama una haraka ya namna gani, usimsukume kwa hasira. Muulize anataka nini. Kama ni mtani wako, mtukane vizuri na umpe kitu. Kama humjui, kagua chombo chako wakati unamngoja. Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya mtumbwi wake kwa mikono miwili, na kama angenipisha nilivyotaka, leo nisingekuwa ninakusimulia.